Kutojuana si umoja

Ipo dharau moja iliyoenea maofisini na mashuleni, nayo imedumu muda mrefu hata wengi hawaioni tena kuwa ni dharau. Kijana anayesomea uhandisi, udaktari au kilimo husifiwa kuwa anasoma. Kijana anayesomea historia, sosholojia au anthropolojia huulizwa atakuja kufanya kazi gani. Sayansi, husemwa, ni ile yenye darubini na mizani. Elimu inayochunguza namna watu wanavyooana, wanavyozikana, wanavyogawana ardhi na wanavyogombana huhesabiwa kuwa ni hadithi za kupitishia wakati, na kila mwenye akili timamu hudhaniwa kuwa anaijua bila kufundishwa.

Dhana hiyo ni potofu, na katika nchi yenye makabila zaidi ya 120 ni dhana ya hatari. Imekwisha leta hasara ya fedha, ya mifugo na ya maisha ya watu. Wanaoiendeleza si wakulima na wafugaji wa vijijini, ambao wanajua vema kwamba kukaa na jirani usiyemjua ni mashaka. Wanaoiendeleza ni wasomi wenyewe, watumishi wa umma na walimu, yaani wale wale ambao kazi yao ya kila siku ni kuishi na watu wasiokuwa wa kwao, kuwafundisha na kuwaongoza.

Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali. Kibakwe inatosha. Kibakwe iko kusini mwa Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, mahali ambapo nyanda kavu za Ugogo zinakutana na milima ya Rubeho. Kusini yake ni Mkoa wa Iringa, na mashariki yake ni Wilaya ya Kilosa katika Mkoa wa Morogoro. Kwa sababu hiyo haijapata kuwa nchi ya kabila moja. Mgogo anayesalimu "mbukwenyi" anaishi jirani na Mhehe anayesalimu "kamwene". Wako Wakaguru na Wasagara wa upande wa mashariki. Wako pia wafugaji wanaopitisha mifugo yao kutafuta maji na majani, wakiwamo Waparakuyo, ambao wengi huwaita Wakwavi bila kujali kama wenyewe wanalipenda jina hilo. Milimani hulimwa mahindi na maharage, katika mabonde kama la Lumuma hulimwa vitunguu kwa maji ya mifereji, na kwenye nyanda kavu watu hutegemea mtama, uwele na ng'ombe.

Katika mazingira hayo hupelekwa mwalimu aliyezaliwa Kagera, bwana shamba aliyezaliwa Mbeya na mtendaji wa kata aliyezaliwa Tanga. Huo ndio utaratibu wa Tanzania, na ni utaratibu mwema. Kasoro yake ni kwamba unaishia kwenye barua. Barua humwambia mtumishi cheo chake, mshahara wake na tarehe ya kuripoti, lakini haimwambii lolote juu ya watu anaokwenda kuishi nao. Akifika, hujifunza kwa kukosea, na gharama ya makosa yake hulipwa na wananchi.

Uchukuliwe mfano wa ng'ombe. Mtumishi mgeni Ugogoni humwona mzee mwenye zizi la ng'ombe arobaini akisema hana uwezo wa kutoa mchango wa shule. Mara moja mtumishi hukata shauri kwamba mzee huyo ni bahili, au kwamba anapinga maendeleo. Kumbe ukweli ni mwingine, nao umekwisha andikwa. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo kati ya mwaka 1961 na 1963 na kuchapisha kitabu chake juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo mwaka 1969, alieleza kwamba ng'ombe walio katika zizi la mtu si lazima wawe wake. Wengine wamewekwa hapo na ndugu, na wakwe, na marafiki, nao ng'ombe wake mwenyewe wametawanywa katika mazizi ya watu wengine, pengine mwendo wa siku nzima kutoka kwake.

Desturi hiyo ina sababu. Katika nchi ambayo mvua inaweza kunyesha upande huu wa kilima na kuukosa upande wa pili, na ambayo ugonjwa unaweza kumaliza zizi zima kwa mwezi mmoja, mtu anayeweka mali yake yote mahali pamoja ni mjinga. Ng'ombe wa Mgogo ni akiba yake na bima yake, tena ni mahari ya mwanawe na kifungo cha undugu baina ya nyumba mbili. Mtumishi anayejua hayo halazimiki kumpenda Mgogo kuliko anavyompenda mtu wa kwao. Analazimika tu kuuliza swali lililo sahihi. Badala ya kuuliza, "Mzee, una ng'ombe wangapi?" atauliza, "Mzee, katika hawa, walio wako ni wepi?" Jibu la swali hilo la pili litamsaidia kupanga mchango wa shule ambao utalipika.

Hiyo ndiyo kazi ya sayansi ya jamii. Haiwaombi watu wapendane. Kuomba huko kumekwisha fanywa sana na viongozi wa dini na wa siasa, na ni jema. Sayansi ya jamii humpa mtu sababu za mambo ambayo kwa macho ya mgeni yanaonekana kuwa ni upuuzi, ukaidi au ushirikina. Mtu akiisha jua sababu, dharau hukosa pa kusimama, hata kama bado hakubaliani na jambo lenyewe.

Wasiotaka kusadiki kwamba kutojua jamii kuna gharama waende Kongwa, kaskazini ya Mpwapwa. Huko, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga. Wajumbe waliotumwa mwaka 1946 kuchunguza walizunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa majuma machache tu, wakapendekeza mamilioni ya ekari. Walikuja wataalamu wa mitambo, wa udongo na wa biashara. Ilipofika Januari 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimekwisha potea. Mitambo mingi ilikuwa michakavu, iliyobaki vitani, na hilo lilikuwa kosa la wenye mitambo. Lakini kwamba ardhi ya Kongwa hukauka ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, na kwamba mvua zake ni haba na hazitabiriki, hayo kila mzee wa Kigogo aliyajua. Elimu ya wenyeji haikupewa kiti katika mkutano wa wakubwa, kwa sababu wakubwa hawakuamini kwamba mchungaji asiyevaa viatu anaweza kuwa na elimu.

Wala haifai kudhani kwamba kosa hilo lilikuwa la wakoloni peke yao. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ilikuwa na nia njema kabisa. Mkoa ulikuwa umepigwa na ukame na njaa, na Serikali ilitaka wananchi wakae pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikwenda kufanya kazi pamoja na wanakijiji wa Chamwino. Hakuna mtu mwaminifu anayeweza kuidharau nia hiyo, na shule zilizojengwa zimesomesha watu wengi. Hata hivyo, maofisa wengi waliotekeleza operesheni hiyo waliona kutawanyika kwa kaya za Kigogo kuwa ni uzembe na desturi za kizamani. Kitabu kilichoeleza kwamba kaya hizo huhama na kutawanyika kufuata malisho na rutuba kilikuwa kimekwisha chapishwa. Watu na mifugo walipokusanywa mahali pamoja, malisho na kuni za karibu na vijiji vikapungua upesi, na mama aliyekuwa akiokota kuni nyuma ya nyumba akaanza kutembea saa kadhaa. Kama elimu ile ingalikuwa mezani wakati wa kupanga, vijiji vingaliweza kujengwa kwa namna iliyoacha nafasi ya malisho. Huko kungekuwa kuyatumikia maendeleo kwa akili zaidi.

Liko jambo jingine linalowahusu walimu hasa. Kwa miaka mingi Mgogo amefanyiwa mzaha mijini kuwa ni ombaomba. Mzaha huo husemwa na watu wenye shahada, tena mbele ya watoto. Ni wangapi kati ya wanaousema wamepata kulisikia neno Mtunya? Hilo ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa iliyowakumba kati ya mwaka 1917 na 1920. Haikuletwa na ukame peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo, yakawachukua na vijana kwa maelfu kuwa wapagazi. Mvua ilipokosekana, nyumba hazikuwa na akiba, mazizi yalikuwa matupu na wenye nguvu za kulima hawakuwapo. Inakadiriwa kwamba walikufa watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000. Mwanahistoria Gregory Maddox alichapisha utafiti wake juu ya njaa hiyo mwaka 1990.

Watu walionyang'anywa mali yao, wakanyang'anywa na watu wao, halafu wakatozwa kodi na serikali ya kikoloni iliyofuata, hawakuanza safari ya kutafuta riziki mbali na kwao kwa sababu ya tabia ya damu yao. Yako mambo yaliyowafikisha hapo, na mambo hayo yana tarehe. Mwalimu wa historia anayefundisha Vita Kuu ya Kwanza kwa kutaja Sarajevo na Versailles na kuiacha Mtunya amemfundisha mtoto wa Kibakwe kwamba vita hiyo ilikuwa ya watu wengine. Amemwachia pia mtoto wa kutoka mkoa mwingine, aliyeketi dawati moja naye, ule mzaha wa ombaomba ukiwa mzima.

Wapo watakaosema kwamba mzaha huo ni utani tu, na kwamba utani ndio uliojenga umoja wa Watanzania. Hapa napo elimu inahitajika, maana wanaosema hivyo hawajui utani ni nini. Wahehe na Wagogo walipigana katika karne ya 19, na leo ni watani. Jambo hilo limewashangaza wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1941 R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa uchunguzi wa ndege huko Amani, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Rigby aliandika juu ya utani wa Wagogo mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya juzuu kadhaa za habari za utani zilizoandikwa na wanafunzi wa Kitanzania wenyewe.

Maandishi hayo yanaonyesha kwamba utani una kanuni. Mtani hutania na hutaniwa. Hakuna upande mmoja unaosema na mwingine unaonyamaza. Mtani ana wajibu. Msibani yeye ndiye anayefanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, na anayewachekesha ili wasizidiwe na majonzi. Mtani akichukua kitu cha mwenziwe kwa mzaha, anajua kwamba kesho mwenziwe naye atachukua chake. Basi mkuu wa ofisi ambaye kabila lake halina utani wowote na Wagogo, anayemwita mhudumu wake ombaomba huku akijua kwamba mhudumu huyo hawezi kumjibu, hatanii. Anatukana. Anajificha nyuma ya neno tukufu la wazee ili asikemewe. Anayeujua utani kwa undani atauheshimu, na anayeuheshimu hatautumia kuwa kifuniko cha kiburi.

Ziko hoja nyingine zinazotolewa kuipinga elimu hii, na inafaa zijibiwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuchunguza mila za makabila ni kufufua ukabila. Hoja hiyo inatolewa na watu wenye nia njema, na ina chanzo cha heshima. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao, na uamuzi wa kuacha kuuliza ulikuwa wa hekima. Lakini kutouliza kabila la mtu kwa ajili ya kumpa kazi au kumnyima ni jambo moja. Kutojua mila za watu unaowaongoza ni jambo jingine. La kwanza ni haki. La pili ni ujinga, na ujinga haugeuki kuwa uzalendo kwa kuwa umenyamaza.

Zaidi ya hayo, anayewachunguza Wagogo kwa makini hakuti kabila safi lililojitenga. Anakuta koo ambazo wazee wake wenyewe husema zilitoka kwa Wahehe, kwa Wanyamwezi, kwa Wakimbu, kwa Wakaguru na kwingineko. Hata jina la Wagogo husimuliwa kwamba walipewa na wapita njia wa misafara ya Wanyamwezi. Mkabila hupenda kusema kwamba watu wake walishuka toka mbinguni wakiwa hivyo walivyo. Historia humjibu kwamba babu yake alikuwa mhamiaji, akapokewa, akaoa, akawa mwenyeji. Hakuna dawa ya ukabila iliyo kali kuliko hiyo, na kuiogopa ni sawa na mgonjwa kuikimbia sindano.

Hoja ya pili ni kwamba elimu hizi ni kasumba ya kikoloni. Ni kweli kwamba wakoloni walizitumia. Gavana Donald Cameron alipoanzisha utawala wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, maofisa wake walitakiwa kuandika habari za makabila ili wajue ni nani wa kumtumia. Baadaye serikali hiyo iliajiri mwanasosholojia wake yenyewe, Hans Cory, aliyeandika sheria za mila za watu mbalimbali. Lakini silaha si ya aliyeifua peke yake. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London, akaitumia mwaka 1938 kuandika kitabu juu ya Wakikuyu kilichotetea haki yao ya ardhi. Mwalimu Nyerere naye, katika masomo aliyohitimu Edinburgh mwaka 1952, alisoma pia anthropolojia ya jamii. Kazi ya Cory mwenyewe ilisaidia, baada ya Uhuru, kutayarisha tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, lililokusudiwa kuunganisha mila za makabila mengi katika sheria moja.

Na ipo hoja iliyo karibu zaidi na Kibakwe kuliko London na Edinburgh. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, hukumbukwa na wengi kwa mashairi na ngonjera zake. Wengi wamesahau kwamba alikuwa mwalimu, kisha karani, liwali na hakimu, yaani mtumishi wa umma hasa. Na katikati ya kazi hizo aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1954. Alikiandika kwa Kiswahili, ili Mtanganyika wa kabila lolote awasome Wagogo. Waingereza na Wamarekani ndio waliongoja mpaka mwaka 1995 kupata tafsiri yake kwa Kiingereza. Basi mtu asidai kwamba elimu ya jamii ni ya wazungu, au kwamba mtumishi mwenye mafaili mengi hana nafasi ya kuifanya.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaojiona kuwa watu wa vitendo. Hao husema kwamba ugomvi wa wakulima na wafugaji ni kazi ya polisi na mahakama, na kwamba maprofesa hawana la kufanya hapo. Hao wakumbuke Kilosa. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38 katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Kilosa inapakana na Mpwapwa, na mifugo haisomi mipaka ya wilaya. Polisi walifika, kama wanavyopaswa kufika, lakini polisi hufika damu ikiwa imekwisha mwagika. Kinachotakiwa ni kujua mapema ni njia zipi mifugo ilizozoea kupita, shamba jipya limefunguliwa kisima kipi, ni mzee gani upande huu na upande ule ambaye neno lake husikika, na ni ahadi zipi za zamani baina ya vijiji zilizovunjwa. Maswali hayo ni ya sayansi ya jamii kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sayansi hiyo hiyo hufundisha jambo ambalo wanasiasa wavivu hawapendi kulisikia. Ugomvi unaoitwa wa kikabila mara nyingi ni ugomvi wa maji na ardhi uliovikwa nguo ya kabila. Mmasai na Mkaguru hawagombani kwa sababu mmoja anavaa lubega na mwingine anavaa suruali. Wanagombana kwa sababu bonde ni moja, maji ni machache, na aliyetakiwa kupima na kugawa hakupima wala hakugawa. Kuelewana kwa mila hakuwezi kuchukua nafasi ya haki, bali kunasaidia kuonyesha haki imekosekana wapi.

Kwa nini jambo hili ni la haraka zaidi leo kuliko zamani? Ni kwa sababu njia za zamani za kujuana zimepungua. Kijana wa miaka ya 1970 aliyefaulu kwenda sekondari alichukuliwa kutoka kwao na kupelekwa mkoa mwingine, akala ugali na kulala bweni moja na vijana wa nchi nzima. Baada ya hapo alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Aliyajua makabila mengine bila kufundishwa darasani. Utaratibu wa vijana kwenda JKT kwa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994, na uliporejeshwa mwaka 2013 haukuweza tena kuwachukua vijana wote. Shule za sekondari za kata, zilizoenea baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004, zimewafungulia mlango mamia kwa maelfu ya watoto ambao wasingesoma kabisa. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini zimeleta pia hali mpya: mtoto wa kijijini anaweza kumaliza kidato cha nne bila kupata kuketi na mtoto wa Kagera au wa Mtwara hata siku moja. Yale ambayo bweni lilifundisha bure, sasa hayana budi kufundishwa kwa makusudi.

Wakati huo huo Dodoma yenyewe imebadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia huko, maelfu ya watumishi wamefika Ugogoni na familia zao. Wamejenga nyumba, wamenunua viwanja, na watoto wao wanazaliwa hapo. Ni wangapi kati yao wanaoweza kutaja mambo matatu ya kweli juu ya watu ambao ardhi yao wameijengea? Mgeni anayekaa miaka kumi bila kuuliza habari za mwenyeji wake amekosa adabu, hata kama ana kibali na hati ya kiwanja.

Lawama hii hata hivyo haiwaangukii watumishi na walimu peke yao. Wanasayansi wa jamii nao wana deni kubwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina fani za sayansi za jamii, na wanafunzi wa vyuo hufika vijijini kila mwaka na madodoso yao. Mwananchi huacha jembe, hujibu maswali saa mbili, huagana nao kwa heshima, kisha basi. Alichokisema huandikwa kwa Kiingereza, hufungwa jalada gumu, huwekwa kabatini, na mwenye kukisoma ni msahihishaji peke yake. Kitabu cha Rigby, kinachozungumzia maisha ya Mgogo, Mgogo hawezi kukisoma. Elimu inayochukuliwa kwa watu na isirudishwe kwao haitofautiani sana na zile ng'ombe zilizochukuliwa na majeshi mwaka 1916. Msomi anayelalamika kwamba taaluma yake inadharauliwa ajiulize kwanza ni kijiji gani kimepata kuiona.

Basi yako mambo manne yanayoweza kufanywa bila kungoja fedha za wafadhili.

La kwanza, kila halmashauri iwe na kijitabu chepesi cha Kiswahili kinachoeleza historia, mila, kalenda ya kilimo na ya ufugaji, na taratibu za ardhi za watu wa wilaya hiyo. Kila mtumishi mpya akabidhiwe kijitabu hicho siku anayoripoti, na aketi na wazee na viongozi wa kata kabla hajaanza kutoa amri.

La pili, kibali cha utafiti kinachotolewa kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia kiambatane na sharti la kurudisha muhtasari wa Kiswahili katika kata iliyochunguzwa, na muhtasari huo usomwe katika mkutano wa kijiji. Wananchi ndio watakaosema kama msomi alielewa au hakuelewa, na msomi mwenye busara atafurahi kusahihishwa.

La tatu, somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024, lisigeuzwe kuwa orodha ya tarehe za kukariri. Mwalimu wa Kibakwe awatume wanafunzi wake kwa babu na bibi zao wakaulize habari za Mtunya, za kuhama kwa mwaka 1971, za utani wa Mgogo na Mhehe. Mtoto wa Kihehe amhoji bibi wa Kigogo, na mtoto wa Kigogo amhoji mzee wa Kiparakuyo. Daftari la mtoto huyo litakuwa utafiti wa kweli, na litamfundisha kusikiliza.

La nne, vyuo vinavyotayarisha watumishi wa serikali za mitaa na wapanga mipango ya vijijini, kama vile Hombolo na Chuo cha Mipango kilichoko Dodoma, viipe elimu ya jamii nafasi yake kamili. Bwana mifugo anahitaji kujua ugonjwa wa ng'ombe na anahitaji kujua ng'ombe huyo ni wa nani na kwa nini haitakiwi kumuuza. Akijua moja tu, amejua nusu ya kazi yake.

Umoja wa Watanzania husifiwa mno, na unastahili sifa. Lakini umoja wa watu wasiojuana ni kama tembe ambalo halijawahi kunyeshewa: linaonekana imara kiangazi kizima. Migogoro ya ardhi inaongezeka, watu wanaongezeka, maji hayaongezeki. Masika yanakuja. Watumishi na walimu waliopangiwa Kibakwe, na waliopangiwa kila kona ya nchi, wana kazi ya kufanya kabla hayajafika, na kazi hiyo inaanza na kumuuliza mwenyeji maswali kwa unyenyekevu na kuandika majibu yake.